Njia ya miguu mtaani: pesa ya serikali ipo, ila haiombwi vile wengi wanavodhani

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum injinia. Mimi ni mama wa watoto watatu, twakaa Muyeye hapa Malindi. Barabara ya kwenda skuli haina pa kupita mguu, watoto watembea juu ya lami pamoja na tuktuk na bodaboda, na mvua ikinyesha kando yote yawa maji. Muhula uliopita mtoto wa jirani aligongwa na pikipiki akavunjika mguu. Sasa binamu yangu alioko Marekani aniambia kwao mtaa uliomba granti ya serikali wakajengewa saidwoki, taa na zebra. Sisi kina mama tuna kikundi na tumesajili. Je, hapa Kenya iko granti kama hio, na fomu yapatikana wapi? Na kama haiko, twaweza kuchanga tukajenga wenyewe?"

Waaleikum salaam dadangu, na pole sana kwa mtoto wa jirani, inshallah apone vizuri.

Niende moja kwa moja kwa la fomu manake najua ndo ulilokuwa ukilisubiri: fomu hakuna. Hakuna ofisi Malindi wala Kilifi wala Nairobi ambako kikundi cha wakaazi chaingia, chachukua fomu ya njia ya miguu, chajaza, halafu chaekewa hela kwa akaunti. Ziko hela za vikundi za biashara na ufugaji na mambo hayo, lakini barabara ni mali ya serikali na pesa ya barabara yatoka serikali moja yaenda kwa serikali nyengine, haipiti kwa kikundi. Hata huko kwa binamu yako ni hivo hivo, sidhani kama alikwambia hadithi yote. Marekani mifuko iko kadhaa, kuna ule waitwa Safe Streets and Roads for All uliotokana na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, dola bilioni 5 kwa miaka mitano, kuna Transportation Alternatives, na kuna ule mkongwe wa Community Development Block Grant wa tangu 1974 ambao hulenga zaidi mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mwenye kuomba kwa kawaida huwa ni mji au kaunti au mamlaka fulani ya serikali, si mwananchi. Huo wa kwanza niliotaja, serikali kuu hutoa mpaka asilimia 80 na mji ujitafutie 20 iliobaki, na hela ya kujenga hupewi mpaka uwe na plani ya usalama barabarani iliokamilika. Kwa hivo walichofanya jirani zake binamu yako, nadhani, ni kuwasumbua watu wa mji wao mpaka mtaa ukaandikwa kwenye plani, kisha mji ndo ukaenda kuomba. Wale wakaazi hawakushika hata senti moja.

Sasa geuza hio hio uilete Malindi. Kazi yenu nyinyi ni kuhakikisha barabara yenu imeandikwa, kwa jina, na mwanzo wake na mwisho wake, kwenye plani ya yule anaeimiliki, kabla pesa haijagawanywa. Mengine yote ntakayosema hapa chini yarudi hapo.

Kwa hivo cha kwanza kabisa ni kujua hio barabara ni ya nani, na hapa ndo watu wengi hupotezea miaka. Katiba ya 2010 kwenye jedwali la nne imegawa kazi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, barabara za kaunti ni za kaunti, pamoja na taa za barabarani, trafiki na maegesho. Halafu sheria ya barabara ya 2007 ilizaa mashirika matatu upande wa kitaifa, KeNHA wa barabara kuu, KURA wa mijini na KeRRA wa mashambani, na orodha ya ipi ni ya nani ilitoka kwa gazeti rasmi la serikali Januari 2016. Ile barabara yatoka Mombasa yapita Kilifi na Gede yaingia Malindi kisha yavuka daraja la Sabaki kuelekea Garsen, hio ni ya KeNHA. Mtu wa Gede akienda kwa MCA wake, yaani mwakilishi wa wodi, kulilia njia ya miguu kando ya barabara hio, MCA atamuitikia vizuri sana, atapiga na picha, na hakuna kitakachofanyika manake kaunti haiwezi tu kwenda kumwaga zege kwenye barabara ya KeNHA bila idhini yake. Vichochoro na barabara za ndani ya mitaa, Muyeye, Maweni, Kisumu Ndogo, Barani, nyingi huwa ni za kaunti, na kwa vile Malindi ni manispaa ina bodi yake na meneja wake basi mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya manispaa, si Kilifi makao makuu.

Usikisie lakini. Andika barua ya nusu ukurasa kwa meneja wa manispaa, uliza mambo matatu tu, barabara kutoka mahali fulani hadi mahali fulani iko chini ya nani, upana wake kisheria ni mita ngapi, na kama iko kwenye plani yoyote ya miaka hii. Sheria ya kupata habari ya 2016 yawapa siku 21 kujibu. Toa nakala mbili, moja uwaachie, nyengine ipigwe muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani, na usiondoke pale mapokezi bila muhuri hata wakikwambia "acha tu mama tutaiona". Barua isio na muhuri haikuandikwa.

Hilo la upana wa kisheria limekaa kama dogo lakini ndilo lenye moto. Mitaa yetu mingi njia ya miguu ipo tayari kwenye ramani, nafasi ipo, ila juu yake pamekaa kibanda cha viazi karai, pipa la mama wa samaki, ukuta wa mtu alioongeza mita moja na nusu usiku, na steji ya boda. Siku injinia akija kupima atasema nafasi haitoshi na mradi utaishia hapo hapo, kwa sababu kubomoa ni kupoteza kura na hakuna anaetaka kubeba hasara hio. Kwa hivo ongeeni na hao wenye vibanda nyinyi kwanza, ni majirani zenu, wengine ni nyinyi wenyewe, mjue mapema nani yuko tayari kurudi nyuma na nani ataenda kortini. Mradi unaoingia ofisini na karatasi yenye sahihi za wenye vibanda wakikubali kusogea una thamani kuliko ombi lenye sahihi mia tano za watu wasioathirika na lolote, hio naisema kwa moyo mmoja.

Haya, pesa zenyewe ziko wapi.

Mfuko mkubwa kwenu ni bajeti ya kaunti ya kila mwaka, upande wa maendeleo, ambako kuna miradi ya kila wodi. Hii ndo ya karibu na ndo yenye watu unaowajua. Shida yake ni kuwa pesa za kaunti huchelewa kutoka hazina, madeni ya makontrakta wa zamani yalipwa kwanza, na mradi mdogo wasukumwa mwaka hadi mwaka.

Wa pili ni ruzuku ya miji, na huu ndo ulio karibu zaidi na hio granti ya binamu yako. Kuna mpango wa kusaidia miji ya Kenya, KUSP, pesa za Benki ya Dunia kupitia serikali kuu, awamu ya kwanza ilichukua manispaa 59 Malindi ikiwemo, na awamu ya pili benki iliidhinisha 2023. Ndani yake kuna ruzuku ya maendeleo ya mji ambayo yaruhusiwa kujenga barabara za mji, njia za miguu na baiskeli, taa, mitaro, masoko, vitu kama hivo. Lakini yaja na masharti: manispaa iwe na bodi inayofanya kazi, iwe na plani ya mji, mahesabu yake yaeleweke, na mji ukishindwa masharti pesa hauioni mwaka huo, hata kama wakaazi wanakufa barabarani. Na hata ikiwa masharti yametimia, ruzuku za namna hii hupitia sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti ambayo bunge na seneti hupenda kuvutania, kwa hivo usishangae ukiambiwa pesa imeidhinishwa na haijafika. Cha maana kwako: miradi ya ruzuku hii huchaguliwa kutoka kwa plani ya manispaa. Kama barabara yenu haimo kwenye hio plani, basi hamtafikiriwa hata kidogo.

Wa tatu ni ushuru wa mafuta. Kila lita ya petroli na dizeli unayonunua, hata ile inayowekwa kwenye tuktuk, inakatwa shilingi 25 za kutengeneza barabara, ilipandishwa kutoka 18 Julai 2024, na Bodi ya Barabara ya Kenya ndio hugawa kwa hayo mashirika. Magavana nao wanataka fungu lao, ugomvi wa bilioni 10.5 kati yao na wabunge ulifika mpaka kortini. Wewe hapo usijiingize. Kumbuka tu kwamba hela hio kimsingi ni ya matengenezo, kwa hivo kama barabara yenu ni ya KURA ama KeNHA, ombi lenu liandikwe kwa lugha ya matengenezo na usalama: kurudisha alama za zebra, kuzibua mtaro, kusawazisha ukingo, kuweka matuta na vibao. Mambo haya yaingia kwa ratiba ya matengenezo ya mwaka bila kungoja mradi mpya, na mara nyingi ndiyo yanayookoa watu.

Kisha kuna KISIP, ule mradi wa kuboresha mitaa isiopangwa. Malindi ilikuwa kwenye orodha ya miji ya mwanzo mwanzo. Huko njia za miguu, mitaro na taa kubwa za mlingoti zimo kabisa, ila mtaa huchaguliwa mzima na mara nyingi mambo ya vipimo vya ardhi na hati huja kwanza. Kama mtaa wenu uko kwenye hali hio ulizieni, kama sio msipoteze nguvu.

Na NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, je? Watu wengi wakikwama hukimbilia kwa mbunge. Mfuko ule ni wa kazi za serikali ya kitaifa, barabara ya kaunti si yao, mbunge akikuahidi njia ya miguu kwa barabara ya kaunti muulize atailipa kwa kifungu gani. Lakini skuli ya msingi ni kazi ya kitaifa, na hapa kuna ujanja ambao haufikiriwi sana: geti. Skuli nyingi geti lafunguka moja kwa moja kwenye barabara yenye magari mengi, watoto mia tatu watoka kwa mpigo saa tisa wote wajaa kwenye lami. Ukihamisha geti likafunguka kwa kichochoro cha upande, au ukalirudisha ndani mita kumi pakapatikana uwanja wa kusubiria, ushapunguza hatari kubwa sana bila kugusa barabara ya mtu. Ukuta na geti la skuli CDF yaweza. Ongea na mwalimu mkuu na bodi ya skuli, wao ndo waombaji, na ufuatilie pia kesi manake Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba sheria ya mfuko huo yaenda kinyume na katiba.

Sasa kalenda, na hapa nataka unisome polepole. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Watu wetu huchangamka wakisikia gari la matangazo mwezi wa nne kuwa kuna kikao cha maoni ya bajeti, wanavaa wanaenda, wanasimama wanaongea kwa uchungu, wanapewa soda. Mwezi wa nne ni kwenda harusini vyungu vya pilau vishaoshwa. Makadirio ya bajeti sharti yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na yamejengwa juu ya vitu vilivyopitishwa kitambo: kuna plani ya maendeleo ya mwaka ambayo lazima iwasilishwe kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na kuna karatasi ya mkakati wa fedha ya tarehe 28 Februari ambayo yaweka kila idara itapata kiasi gani. Yaani pesa ya Julai mwakani, jina la barabara lafaa liwe limeandikwa Agosti hii. Juu ya hizo zote kuna plani ya miaka mitano ya kaunti, hii ya sasa ni ya 2023 hadi 2027, na ukienda na ombi ukaweza kusema "hili liko kwenye plani ya miaka mitano ukurasa fulani" utaona watu wakianza kukaa vizuri kwenye viti. Kama halimo, plani mpya ya 2028 na kuendelea itaanza kutayarishwa mapema, hakikisheni mko kwenye vikao hivo tangu cha kwanza.

Kwa hivo Juni na Julai mpeleke ombi kwa manispaa na kwa ofisi ya wodi. Agosti muulize kwa barua kama limeingia kwenye rasimu. Februari muangalie kiasi kilichowekwa kwa barabara na miji. Aprili muende kwenye kikao, sawa, lakini muende kulinda kitu ambacho tayari kimeandikwa. Mkiona mwazungushwa sana, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 kifungu cha 15 yawapa haki ya kupeleka pitisheni, yaani ombi rasmi, bunge la kaunti, na pitisheni lazima ishughulikiwe, si kama barua ya kawaida. Mimi ningeiweka akiba kwanza, manake ukianza na pitisheni wale wa ofisini wajifungia.

Hicho kikundi chenu kimesajiliwa, vizuri sana, endapo ni cha merry-go-round, kile cha kuchangiana kwa zamu, basi fikirieni kusajili pia umoja wa wakaazi wa mtaa. Sheria ya miji ya 2011 yataka kwenye bodi ya manispaa kuwe na sauti ya vyama vya wakaazi vilivyosajiliwa, na mkiwa chama cha mtaa mwaingia mlango huo. Kina mama wakiwa mbele ni nguvu, ila msiwaache nje mzee wa mtaa, imamu na mchungaji, mwenyekiti wa boda. Huyu wa boda msimchukulie adui. Vijana wake ndo wanaogonga, kweli, lakini ndo wao wao wanaojua ni kona gani kila mtu hukwepa shimo akaingilia watoto.

Ombi lenyewe liweje? Fupi, na lenye namba zenu wenyewe. Chagueni siku mbili za skuli, kina mama wawili wakae saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili kasoro asubuhi, mmoja ahesabu watoto wanaopita wakitembea, mwengine magari, tuktuk na pikipiki. Rudieni mchana wakitoka. Pimeni kwa futi kamba upana wa lami na upana wa kando kila mahali panapobadilika. Pigeni picha siku ya jua na siku ya mvua, hasa hio ya maji yamejaa kandoni na watoto wako katikati ya lami, manake injinia atakaekuja kupima atakuja siku kavu saa nne asubuhi barabara imetulia na atashangaa nyinyi mwalilia nini. Ajali zote mnazozijua ziandikwe: tarehe, mahali, nani aligongwa, mtoto au mtu mzima, bila majina kama familia haitaki, na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kama ilichukuliwa. Hapo ndo pana udhaifu wetu mkubwa, mtoto agongwa, mwenye boda alipa hospitali, wazee wapatana nyumbani, kwisha. Kwa binadamu ni sawa, lakini kwa serikali ajali hio haikutokea. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, yahesabu zaidi ya vifo 4,000 barabarani kwa mwaka nchini na wanaotembea kwa miguu ndo kundi linaloongoza, na hesabu hizo zaanzia kituo cha polisi. Hata mkipatana, ripotini.

Halafu msiombe "barabara iboreshwe". Hilo ni ombi la kila mtu. Andikeni hivi: twaomba njia ya miguu ya upana wa mita 2 kutoka geti la skuli hadi kona ya msikiti, urefu mita kadhaa, upande ambao watoto wengi hupita, pamoja na kivuko kilichoinuliwa mbele ya geti, mtaro uliofunikwa, na taa. Mkiona ni kubwa, igaweni vipande, cha kwanza kiwe mita mia mbili karibu na geti ambako kila mtoto hupita hata atoke wapi. Kipande kidogo chapata nafasi kwenye bajeti ya wodi, na kikishajengwa cha pili huwa rahisi kuombewa.

Na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu, nisingechagua kabro, yale matofali ya kutandika njia, ningechagua kupunguza mwendo wa magari. Shirika la Afya Duniani lasema hatari ya kufa kwa mtu aliegongwa na uso wa gari huongezeka mara 4.5 gari likitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 65, na mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu ajali za kuua zapanda kwa kama asilimia 4. Sheria yetu ya trafiki yasema mjini mwisho ni 50, na nani aifuata? Kwa hivo kile kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lililo bapa juu na zebra imechorwa juu yake, ndicho cha kukazania. Gari lapunguza litake lisitake, na mtoto avuka akiwa juu kidogo aonekana. Zebra ya rangi peke yake kwenye lami tambarare, wallahi ni mapambo, tena yaweza kuwa mbaya zaidi kwa vile mtoto akiiona adhani yuko salama. Daraja la kupanda juu nalo msikubali kwa mtaa kama wenu, ni ghali, mzee na mwenye kiti cha magurudumu hapandi, na vijana watapita chini vile vile.

Kwa njia yenyewe: mita moja na nusu ndo kiasi cha chini kwa watu wawili kupishana, mbili ni bora, na hio ni nafasi tupu, si mita mbili zenye mlingoti wa stima katikati. Iinuliwe kutoka kwa lami kwa mawe ya ukingo, kama inchi sita, na kila inapokutana na barabara nyengine iteremke kwa mteremko laini ili kiti cha magurudumu na mkokoteni wa maji upite, katiba kifungu cha 54 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa hivo hilo si ombi la hisani. Nguzo fupi mwanzo na mwisho, zipishane kiasi cha kiti cha magurudumu kupita lakini tuktuk isipite, la sivyo njia yenu itakuwa njia ya mkato ya tuktuk ndani ya wiki. Mtaro uwe na mifuniko inayoweza kuinuliwa na watu wawili, manake mchanga wetu huu wa pwani wajaza mtaro kila masika na mfuniko usioinuka ni mtaro uliokufa. Na miti. Jua la Malindi la saa saba mwalijua, njia isiokuwa na kivuli watu wataihama wafuate kivuli hata kiwe upande wa magari, mwarobaini mmoja kila mita kumi hauongezi gharama ya kutisha. Kabro au zege? Kabro ni nzuri kwa vile ikichimbuliwa kupitishwa bomba yarudishwa, na vijana wa mtaa wapata kibarua, ila kontrakta akilaza juu ya mchanga usioshindiliwa mwaka mmoja tu yawa mawimbi. Kwa hivo wakati wa kujenga wekeni mtu wa kuangalia kile cha chini, hicho cha juu kila mtu hukiona.

Mradi ukipata kontrakta, ombeni karatasi ya vipimo na idadi ya kazi, ombeni mtu wenu awe kwenye kamati ya mradi, na angalieni ubao wa mradi kama una urefu ule ule mlioambiwa. Mita mia mbili huweza kuwa mia na hamsini bila mtu kujua kama hakuna aliekuwa na futi kamba.

Kuna kitu cha kukuonya. Hasira ikiwapanda msiende kujenga tuta lenu wenyewe usiku kwa mawe na udongo. Tuta lisilo na kibao wala rangi laweza kumuangusha mtu wa boda na abiria wake, na mjengaji awajibike, kisha ombi lenu la halali laharibika jina.

Sasa ulouliza mwisho, kama mwaweza kuchanga mjenge wenyewe. Juu ya barabara ya serikali hamwezi bila ruhusa ya maandishi ya mwenyewe, na hata ruhusa ikitoka kazi lazima iangaliwe na injinia wao. Lakini mchango waweza kufanya kazi nyengine yenye maana zaidi kuliko mifuko ya simiti. Pesa ya kwanza mkichanga mlipeni sorveya mwenye leseni awaonyeshe mipaka ya barabara iko wapi kwenye ardhi, nguzo kwa nguzo. Ikibaki, lipeni mchoro rahisi wa injinia wenye makadirio ya gharama. Ofisi nyingi za manispaa zina maombi chungu nzima lakini hazina wa kuyapima na kuyachora, kwa hivo mwezi wa nane fedha ikitafuta mradi ulio tayari, wenu uwe na mipaka, mchoro, gharama, hesabu ya watoto na sahihi za wenye vibanda. Barua ya kwanza kwa meneja, ile ya maswali matatu, yaweza kwenda Jumatatu hii, wala haihitaji mchango wa mtu.